Vidole Vitano vya Yannick

Sehemu ya sita

Émilie alikuwa bado mlangoni, mkoba begani, na mama yake alikuwa amemsogezea simu karibu na pua.

"Angalia. Angalia muzuri. Kaka yako iko muzima."

Kwenye simu, Yannick alikuwa amesimama kando ya mto. Akageuza kichwa. Akatabasamu. Akainua mkono wa kushoto, akaupunga mara tatu, kama mtu anayeita watu wa ng'ambo. Kisha video ikaanza upya.

Sekunde kumi. Émilie alizijua zote, moja moja. Ni yeye aliyezitengeneza.

Mliokuwa nasi juma lililopita mnajua tulimwacha hapo hapo, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Wewe unayefungua ukurasa huu leo, sikia kwa kifupi. Siku thelathini na moja zilikuwa zimepita tangu baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye mashine, ilipozama mtoni, chini kidogo ya mji wa Isangi, na watu na magunia yao. Yannick, kijana wa miaka ishirini na minane, alikuwa ndani. Mwili haukuonekana. Mama yake, mama Georgette, alikaa kwenye mkeka, akajifunga pagne nyeusi, kitenge cha kilio, nywele hakuchana. Familia ilikuwa imekata shauri: Jumamosi wangefanya matanga bila mwili, wangezika shati lake na picha yake, watu walie, yaishe.

Na Émilie, mdogo wake Yannick, alikuwa akifanya kazi huko huko Mangobo, mtaa wao wa Kisangani, kwenye kibanda cha picha cha Patrice. Patrice alikuwa na programme kwenye kompyuta. Unaipa picha ya mtu, unaandika maneno ya kile unachotaka, unangoja dakika mbili, na mtu wa kwenye picha anaanza kujitikisa. Watu walikuwa wakileta picha za marehemu wao ili wawaone wakicheka siku ya matanga. Basi Jumatatu, Patrice alipotoka kula, Émilie aliweka picha ya kaka yake. Akaandika: asimame kando ya mto, atabasamu, apunge mkono. Akalia peke yake. Akamtumia rafiki yake Nicole, mmoja tu.

Mmoja tu. Mama mwenzangu unayesoma, shika neno hilo. Nicole naye alilia, akaitia kwenye groupe ya kwaya. Kwaya ina watu themanini.

"Nani alikutumia hii, mama?"

"Uliza nani hakunitumia. Watu wa kwaya. Mama Benie. Pasteur mwenyewe. Na sauti iko. Sikia."

Mama Georgette akabonyeza. Sauti ya mwanamume asiyejulikana ikasema kwa haraka: "Yannick wa mama Georgette wa Mangobo iko muzima. Wamemuona ku mto, upande wa chini. Mupitishe habari."

Hapo ndipo Émilie alipoona mambo mengine. Pagne nyeusi ilikuwa imetupwa juu ya kamba. Mama alikuwa amechana nywele. Kulikuwa na harufu ya ndizi zinazochemka, za kuponda lituma, katika nyumba ambayo kwa mwezi mzima ilikula tu vilivyoletwa na majirani.

"Mama, ukae chini kwanza."

"Nimekaa chini siku makumi tatu na moja, matako inaniuma." Akacheka. Émilie alikuwa amesahau kicheko hicho kinavyosikika.

"Mama, ile video..."

"Iko fupi, najua. Hana megas za kutuma ndefu. Yannick na megas, tangu lini?"

Émilie alifungua mdomo tena. Na tonton Constant akaingia.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama Georgette. Miaka arobaini aliendesha mashua, toka Kisangani mpaka Basoko na zaidi. Katika familia, mtu aliweza kumbishia juu ya siasa na juu ya mpira. Juu ya mto, hakuna.

"Georgette, vaa pagne yako," alisema kabla ya kusalimu. "Mambo ya telefone iko ya batoto. Aibu hii tutaipeleka wapi?"

Émilie alitaka kumkumbatia. Mungu amemleta, alijiambia. Tonton atakataa, na mimi nitasema polepole, sisi watatu tu.

"Angalia kwanza, yaya," mama alimwambia kaka yake.

Tonton Constant akatoa miwani mfukoni. Akaangalia mara ya kwanza, midomo imekunjwa. Akaangalia mara ya pili. Mara ya tatu hakuwa tena akimwangalia Yannick. Alikuwa akiangalia nyuma yake.

"Simamisha hapo."

Nyuma ya Yannick maji yalikuwa ya rangi mbili. Upande wa juu rangi ya udongo mtupu, upande wa chini meusi kama kahawa, na mstari katikati.

"Hii mayi naijua," tonton alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mayi nyeusi ya Aruwimi. Inaingia ku mto mukubwa na haichanganyike mara moja. Inatembea pembeni, kama bibi na bwana wenye waligombana. Hii iko Basoko. Hakuna pahali ingine."

"Tonton, inaweza kuwa kivuli..." Émilie alisema.

"Weye uliona mayi wapi? Ku kompyuta?"

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni; wakacheka. Tonton Constant akavua miwani, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Siku mashua ilipozama hakulia. Siku walipokata shauri la kuzika shati hakulia. Sasa alilia.

"Matanga ya samedi tunafuta," alisema. "Kesho asubui kuna baleinière ya Basoko. Tunaenda kumuchukua mutoto wetu."

Angesema mpumbavu kwamba ile ni Basoko, watu wangemcheka wakaenda zao. Alisema anayejua maji. Hivyo ndivyo uongo wa dakika mbili ulivyopata miguu, na miguu hiyo ilikuwa ya mzee wa heshima.

Émilie hakungoja. Alitoka, akapanda toleka ya kwanza aliyoiona. Kijana alikanyaga baiskeli mpaka kibandani bila kuulizwa aharakishe. Labda aliuona uso.

Siku ile haikuwa zamu ya Émilie, na Patrice alikuwa anafunga. Saa nane ya mchana, jua kali, watu tele njiani, na yeye anafunga.

"Émilie, umenifanyia nini?"

"Mimi?"

"Toka asubui wamama watatu. Wameleta picha za batoto wao, wote wa ile baleinière. Wanataka mashine imutafute mutoto. Unasikia hiyo neno? Imutafute. Wanasema, Yannick mulimupata, alors muangalie na wetu."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia kweli. Mashine haioni mutu. Inajaza tu pahali picha haina kitu. Picha haina miguu, inatia miguu. Haina mayi, inatia mayi."

"Na wao?"

Patrice alishika kufuli mkononi, akaigeuzageuza.

"Wawili walienda. Mama Benie alikaa hapo kwenye umesimama. Akasema: basi jaza."

"Patrice. Ulimutengenezea?"

"Alilia, Émilie. Ungefanya nini? Weye mwenyewe, ulifanya nini?"

Émilie akaikamata ile kufuli.

"Fungua," alisema. "Nataka kuona picha ile ya kwanza. Ile yenye haitembei."

Patrice akafungua mlango nusu, akawasha kompyuta. Picha ilikuwa ya ndoa ya binamu yao. Yannick katika shati la bluu, anacheka, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya suruali.

Émilie aliiangalia mikono hiyo isiyoonekana, akainama karibu na kioo.

Kaka yake hakuwahi kupigwa picha bila kuficha mkono wa kushoto. Alipokuwa na miaka kumi na tano, pale Yanonge, kamba ya mashua ilimkaza ikamkata kidole kidogo chote. Shuleni walimwita Ine, yaani nne, kwa vile ukimwambia ahesabu anaishia hapo. Toka siku hizo, akiona tu mtu anainua simu, mkono unaingia mfukoni. Hata siku ya ndoa. Hata kanisani.

"Weka video. Simamisha ku mukono."

Patrice akasimamisha.

Kidole kidogo kilikuwa pale. Kizima, kimenyooka, na ukucha wake.

"Si nilikuambia," Patrice alisema kwa sauti ndogo. "Inajaza."

"Kuja na mimi ukawaelezee."

"Wanichome na kibanda? Hapana. Weye uliandika, weye ukaseme."

Jioni ile Émilie alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza watu wa kwaya walianza wimbo, na sauti yake ikazama humo. Mara ya pili mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, mikono yenye harufu ya ndizi, akamwangalia ndani ya macho.

"Naona uko na neno. Kama ni neno mubaya, donc ngoja kesho. Leo unipatie hii siku moja."

Na mtoto akampa. Mimi simlaumu. Lakini siku hiyo moja ilipopita, mama watatu wengine walikuwa wamefunga vikapu.

* * *

Asubuhi, kwenye beach, bandari ndogo ya mashua, baleinière ilikuwa imejaa nusu. Mama Georgette alikuwa amekaa mbele, katika pagne ya manjano, beseni mapajani: lituma ndani ya majani, samaki wa moshi, na viatu vya Yannick vilivyofungwa pamoja kwa kamba zake. Mbele yake alikaa mama Benie na wanawake wawili wengine. Wote wanne walikuwa wakiimba. Tonton Constant alikuwa amesimama na maji kifundoni, akipokea pongezi kwa kila aliyepita.

Mwenye kuendesha mashua, Ruphin, mtu wa Basoko, alikuwa akikunja kamba. Hakuimba. Hakuwaangalia.

Mama Benie alipomwona Émilie alimwita. "Mutoto wa kazi ya muzuri, kuja uone. Moïse wangu naye amepatikana." Akamwonyesha simu: kijana mwembamba kando ya mto, anatabasamu, anapunga mkono. Maji ya rangi mbili nyuma yake. "Ona bangili. Uzi mwekundu na shanga tatu nyeupe, bibi yake alimufungia. Bado anaivaa. Mutoto wa heshima."

Émilie akageuka kwa mama yake.

"Mama, shuka."

"Tunaondoka sasa hivi. Panda kama unapanda."

"Mama, ile siku imeisha. Nilikupatia siku moja. Sasa nasema."

Mama Georgette aliacha kuimba.

"Ile video ni mimi niliitengeneza. Kwa Patrice. Niliweka picha ya ndoa na nikaandika maneno, mashine ikafanya. Nilimutumia Nicole. Ile sauti, sijui ya nani. Hakuna mutu alimuona Yannick. Hakuna."

Kisha mama Benie akacheka.

"Weye unatengeneza mutu? Umekuwa Mungu toka lini? Jana tu ulikuwa unafanya photocopie."

"Na mayi?" tonton Constant alisema. "Sema basi. Mayi ya Basoko uliitoa wapi?"

"Sikuandika Basoko, tonton. Niliandika mto. Mashine ilitia kivuli. Weye ukasoma Aruwimi."

Mzee aliangalia maji miguuni mwake kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Uongo," mama Georgette alisema polepole. "Unataka nivae tena nyeusi. Kila mutu anafurahi, na weye unaleta nyeusi."

Émilie alipiga magoti kwenye matope, pembeni ya ubao wa mashua, akaweka simu juu ya beseni, kati ya viatu na lituma. Alikuwa amesimamisha video pale mkono unapofika juu.

"Mama, hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Vidole."

Mama huyu alikuwa ameiangalia video hiyo labda mara mia. Mara zote mia aliangalia uso. Mama gani ataangalia mkono wakati uso wa mwanawe unamcheka? Sasa aliweka kidole chake juu ya kioo.

"Moja. Mbili. Tatu. Ine."

Akakomea hapo. Kisha akasema, kwa pumzi tu: "Tano."

Akaanza tena toka upande wa pili, toka kidole kidogo. Moja, mbili, tatu, ine, tano.

"Nani alimurudishia kidole?" aliuliza.

Aliuliza kama mtu anayeuliza nani ameleta sufuria ya jirani.

"Nilifunga kidonda ile mimi mwenyewe. Nilipasua pagne yangu. Kidole kilianguka ku mto, hatukukiona tena. Sasa nani alimurudishia?"

Kamba ikamponyoka Ruphin mkononi.

"Mama," alisema. "Ni kidole gani yenye ilikuwa inakosa?"

Wote wakamgeukia.

"Hii kidogo," mama Georgette alisema. "Ya kushoto."

"Na shati?"

"Weye unamujua?"

"Shati, mama."

Émilie ndiye aliyejibu. "Bluu. Alipenda tu ile."

Ruphin akakaa kwenye ukingo wa mashua.

"Siku ya ine kisha ile baleinière kuzama," alisema, "mto ulituletea watu. Tuliwazika pembeni, chini kidogo ya Basoko, kila mutu na shimo lake. Tulisali. Tukangoja mutu akuje kuuliza. Hakuna aliyekuja."

"Na leo unatubeba na unanyamaza?" tonton Constant alisema.

"Papa, nimewaona munapanda na nyimbo. Munasema wako wazima. Nikasema labda ni wengine. Ningeanzia wapi?"

Maji yaligonga ubao.

"Mimi nilipiga picha," Ruphin aliendelea, na simu ilikuwa tayari mkononi. "Uso sikupiga. Uso haikuwa tena ya kuonyesha mama. Nilipiga kwa kila mutu kitu kimoja, chenye mama yake angejua. Wa shati ya bluu, nilipiga mukono."

Akaitafuta. Akanyoosha simu. Émilie akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Hapana, mama. Acha mimi niangalie. Mimi njo niangalie."

"Toa mukono, Émilie. Ile yako niliangalia mara mia. Hii nitaangalia mara moja."

Émilie akautoa.

Ilikuwa picha ya kawaida, imepigwa kwa haraka. Mkono umelala juu ya mkeka. Kipande cha shati la bluu. Vidole vinne. Na pale cha tano kilipokuwa, kovu la kupinda, kwa vile mama aliyefunga kidonda kile hakuwa daktari, alikuwa mama tu na kipande cha pagne.

Mama Georgette alishika simu ile kwa muda mrefu. Émilie alielewa anangoja nini, na kuelewa huko kulimkata zaidi ya yote. Kwa siku mbili mama yake alikuwa amezoea mkono unaopunga.

Alingoja. Picha haikujitikisa.

Alifungua pagne ya manjano begani, akaigeuza ndani ikawa nje, kwa kuwa nyeusi ilibaki nyumbani juu ya kamba, akajifunga tena. Kisha akateremka toka kwenye ubao, akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya mashua, ndani ya maji yale machache ya uchafu.

"Georgette," tonton alisema. "Simama. Turudi nyumbani. Nimekosa, dada. Mbele ya watu wote nasema nimekosa."

"Haukukosa, yaya. Ulisema iko Basoko. Iko Basoko."

Mzee akafunika uso.

"Nyumbani kufanya nini?" mama Georgette aliendelea. "Kuzika shati? Mutoto amelala ku pori, na watu wenye hawajue jina lake. Mimi naenda." Akainua macho. "Émilie."

"Mama."

"Panda. Weye njo ulimuamsha. Utanisaidia kumulaza."

Émilie akapanda. Hakuwa na nguo ya safari, hakuwa na chakula. Alikaa kwenye maji, bega lake limegusa bega la mama yake. Mama hakumsukuma. Hakumkaribisha pia.

Ruphin aliwageukia wale wanawake watatu. "Wamama, nyinyi mushuke. Ninawaomba. Mumesikia wenyewe."

Wawili waliangaliana. Mmoja wao alikwisha kushika kikapu.

Mama Benie hakusogea. "Tumesikia," alisema, na sauti haikuwa na ubaya hata kidogo. "Pole, mama Georgette. Pole sana, dada. Lakini mwenye kukosa kidole iko wako. Moïse wangu vidole vyote viko. Jana nimehesabu."

Na yule aliyeshika kikapu akakiweka chini.

Mwanadamu ukimwonyesha kwamba jirani yake amedanganywa, anamwonea jirani huruma. Yake mwenyewe anaikumbatia zaidi.

Mashine ikanguruma. Beach ikaanza kurudi nyuma, tonton Constant akiwa amesimama pale pale, suruali imelowa mpaka magotini, mkono hakuupunga. Ruphin alikuwa na usukani, macho mbele. Simu yake alikuwa ameisahau kwa mama Georgette.

Mama Georgette alitaka kumwona mwanawe mara ya mwisho, ingawa alisema ataangalia mara moja tu. Kidole gumba kikagusa kioo vibaya. Picha ya mkono ikateleza, ikaja nyingine.

Émilie aliiona wakati mmoja na mama yake.

Kifundo cha mkono, chembamba, juu ya mkeka ule ule. Uzi mwekundu. Shanga tatu nyeupe.

Mama Georgette akalaza simu juu ya tumbo, kioo ndani, akaifunika kwa pagne. Chini ya kitambaa kile mkono wake uliutafuta mkono wa Émilie, ukaukaza mpaka ukauma. Asubuhi hiyo hiyo alimwita mtoto huyu mwongo. Sasa yeye ndiye alikuwa na neno mdomoni, na mbele yake, magoti kwa magoti, mwanamke anayeimba.

Wimbo ukaisha. Mama Benie aliinama mbele, uso wake umejaa huruma ya kweli.

"Dada, usilie peke yako," alisema, akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Nionyeshe ule wako, nimulilie pamoja na weye."

Mama Georgette aliishika simu kwa mikono miwili. Kisangani ilikuwa imekwisha kupotea nyuma. Mpaka Basoko kulikuwa na mto wa siku nzima, na mkono wa mama Benie ulikuwa bado umenyooshwa.